Daktari Aliyewainua Wazee Vitandani: Maisha na Kazi ya Marjory Warren



Tukiwa katika furaha ya kuadhimisha kuasisiwa kwa hekalu letu, halmashauri imetuomba tuchangie makala ya historia katika kitabu hiki cha kumbukumbu. Bila shaka ilitarajiwa kwamba tungeandika juu ya wazee wetu waliovuka bahari kwa majahazi kutoka Mandvi na Porbandar, wakafungua maduka yao ya mwanzo katika pwani hii. Habari hizo zimekwisha kuandikwa katika vitabu vya miaka iliyopita, na kwa kalamu zilizo bora kuliko yetu. Safari hii twaomba ruhusa ya kusimulia maisha ya mwanamke wa Kiingereza ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa ukoo wetu. Aliitwa Marjory Warren, na kazi yake ilikuwa kutibu wazee. Kwa nini tumemchagua yeye, na nyumba yetu ina deni gani kwake, tutaeleza kabla ya kuweka kalamu chini.

Uzee na ugonjwa

Tangu zamani watu wa kila taifa wamesema juu ya mzee anayeumwa, "Ni uzee tu." Neno hilo ni jepesi kinywani, nalo humfungia mgonjwa mlango wa matibabu. Mwaka 1909 daktari mmoja mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi New York, Ignatz Nascher, alilipinga. Alibuni jina la kitaalamu la tiba ya wazee, ambalo madaktari wa dunia nzima wanalitumia hadi leo, na mwaka 1914 akatoa kitabu chake juu ya maradhi ya wazee. Hoja yake ilikuwa kwamba, kama vile utoto ulivyotengewa elimu yake katika udaktari, uzee nao utengewe yake. Mwili wa mzee una kanuni zake, na ugonjwa unaoingia katika mwili huo ni ugonjwa kweli, wenye jina na wenye sababu.

Lakini jina peke yake halimponyi mtu. Ilibidi apatikane mtu wa kuingia wodini, kukifikia kitanda kimoja baada ya kingine, na kuyathibitisha maneno hayo kwa mikono yake.

Masomo na kazi ya mwanzo

Marjory Warren alizaliwa London mwaka 1897, mtoto wa kwanza katika nyumba ya mabinti watano. Baba yake alikuwa mwanasheria. Zama hizo mwanamke kusomea udaktari lilikuwa bado jambo la kushangaza watu. Alisoma katika Chuo cha Udaktari cha Wanawake cha London, kilichoshirikiana na Hospitali ya Royal Free, akahitimu mwaka 1923.

Mwaka 1926 aliajiriwa kama daktari msaidizi katika hospitali ya Isleworth, magharibi mwa London, iliyokuja kuitwa West Middlesex. Hospitali hiyo ndiyo aliyoitumikia hadi mwisho wa maisha yake, miaka 34. Wasomaji wenye jamaa huko watapafahamu mahali penyewe, kwani uwanja wa ndege wa Heathrow, waliposhukia ndugu zetu wengi walioondoka Afrika Mashariki, uko maili chache tu kutoka hapo.

Mwanzoni Dokta Warren hakuwa na nia ya kutibu wazee. Mapenzi yake yalikuwa upasuaji, na aliufanya kwa wingi. Mwaka 1931 alipandishwa cheo kuwa naibu wa mkuu wa madaktari wa hospitali hiyo. Kama mambo yangeendelea hivyo, huenda leo angekumbukwa na wachache tu kama mpasuaji hodari.

Nyumba ya maskini

Hapa yafaa tusimame kidogo kueleza desturi ya Uingereza ya wakati ule. Kwa sheria ya mwaka 1834, mtu maskini asiyeweza kujikimu alipelekwa katika nyumba ya maskini, akalishwa kwa kufanyishwa kazi ngumu. Nyumba hizo zilifanywa makusudi ziwe za kuchukiza, ili mtu asizikimbilie ila akiwa amekosa njia nyingine yoyote. Kadiri miaka ilivyopita zilijaa watu wasioweza kazi yoyote: wazee, viwete, waliopooza na waliorukwa na akili. Wengi wao walilazwa katika majengo ya wagonjwa yaliyokuwa ndani ya nyumba hizo. Hospitali kubwa zenye sifa na walimu bingwa hazikuwapenda wagonjwa wa namna hiyo, kwa sababu hawaponi haraka wala hawaondoki kitandani.

Sheria ya mwaka 1929 iliziondoa nyumba hizo mikononi mwa bodi za zamani na kuzikabidhi kwa halmashauri za wilaya. Hivyo ndivyo, mwaka 1935, hospitali ya West Middlesex ilivyopokea jengo la wagonjwa la nyumba ya maskini iliyokuwa jirani yake. Ndani yake mlikuwa na wagonjwa 714, nao wakakabidhiwa Dokta Warren.

Hali aliyoikuta aliieleza baadaye katika maandishi yake. Wagonjwa wa kila aina walikuwa wamechanganywa pamoja, wazee kwa vijana, wenye akili timamu na waliochanganyikiwa. Wengi walikuwa hawajainuka kitandani kwa miaka. Wengine walilala ndani ya vitanda vyenye kingo ndefu kama vya watoto wachanga, viungo vimekakamaa, magoti yamekunjana yasiweze kunyooka tena. Walikuwa wakilishwa na kusafishwa, na hakuna aliyewapiga. Lakini hakuna aliyekuwa amewapima kwa makini, na wengi hawakuwa na jina la ugonjwa lililoandikwa. Walikuwa wamelala kwa sababu jana yake walilala.

Alilolifanya

Dokta Warren hakugundua dawa mpya, wala hakuwa na mashine yoyote ambayo wenzake hawakuwa nayo. Alianza kwa kumpima kila mgonjwa, mmoja mmoja, na kuandika anaumwa nini hasa. Kisha akawagawa katika makundi matano, kuanzia wale wanaoweza kuinuka na kutembea hadi wale waliopotewa na akili kabisa, ili kila kundi lipate malezi yanayolifaa na mtu mwenye akili zake asilale usiku kucha kando ya mtu anayepiga kelele.

Baadaye akageukia wodi zenyewe. Kuta zilizokuwa za giza zilipakwa rangi ya kung'aa, taa zikaongezwa, vitanda vikatandikwa mashuka ya rangi za kupendeza. Wazee walipatiwa vyuma vya kushikia ukutani, viti walivyoweza kuinukia, na nguo na viatu vyao wenyewe ili wasishinde katika nguo za kulalia. Aliwaita wataalamu wa mazoezi ya viungo wafanye kazi bega kwa bega na wauguzi, pamoja na wale wanaomfundisha mgonjwa upya kujivika, kujilisha na kujiosha, na maafisa wa ustawi wa jamii wa kutazama atarudi katika nyumba ya namna gani. Jambo la kuwaweka watu hawa wote kuwa kikosi kimoja cha kumtazama mgonjwa mmoja twaliona leo kuwa la kawaida. Wakati ule lilikuwa geni.

Alijishughulisha hasa na waliopata kiharusi na waliokatwa miguu. Ilikuwa imekubalika kwamba mzee aliyepooza upande mmoja kazi yake imekwisha. Yeye alianza mazoezi mapema, kabla viungo havijakakamaa, na mzee aliyekatwa mguu alimfundisha kusimama kwa mguu wa bandia.

Matokeo yake yalionekana kwa hesabu, na sisi wafanyabiashara twaiheshimu hesabu. Wagonjwa wengi walipata nafuu ya kutosha kurudi makwao au kuhamia nyumba za kulea wazee. Vitanda vya waliobaki vikapungua hadi 240. Vilivyoachwa wazi wakapewa wagonjwa wengine, wakiwemo wa kifua. Ikabainika kwamba kumtibu mzee vizuri ni nafuu kuliko kumlaza miaka kumi bila kumtibu.

Maandishi na sifa

Mwaka 1943, vita kuu ikiwa bado inaendelea, alichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Uingereza makala yake mashuhuri. Humo alidai kwamba wazee wenye maradhi ya muda mrefu watibiwe katika hospitali za kawaida, penye vipimo na wataalamu, na kwamba wanafunzi wa udaktari wafundishwe kuwatibu. Mwaka 1946 alifuatisha na nyingine katika jarida la Lancet. Mwaka uliofuata daktari mwingine wa London, Richard Asher, aliandika juu ya hatari za kumlaza mgonjwa kitandani: damu huganda miguuni, mapafu hujaa, misuli hunyong'onyea, mifupa hupungua nguvu na ngozi hufanya vidonda. Mambo ambayo Dokta Warren aliyaona wodini kwa miaka kumi na zaidi yakaanza kusikika kila mahali.

Mwaka huo huo wa 1947 yeye na wenzake wachache walianzisha chama cha madaktari wanaowahudumia wazee, ambacho tangu mwaka 1959 chaitwa Chama cha Tiba ya Wazee cha Uingereza. Huduma ya afya ya taifa ilipoanza mwaka 1948, Uingereza ilianza kuajiri madaktari bingwa wa wazee. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Glasgow kilimteua Ferguson Anderson kuwa profesa wa kwanza wa tiba hiyo.

Dokta Warren hakuiona siku hiyo. Mwezi Septemba 1960, akiwa safarini barani Ulaya kwa ajili ya kazi yake, alipata ajali ya gari akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 62. Wenzake humwita mama wa tiba ya wazee.

Mikono ya ndugu zetu

Sehemu inayofuata ya historia hii yatuhusu kwa karibu. Ingawa kazi ya Dokta Warren ilisifiwa, madaktari wengi vijana wa Uingereza hawakuitaka. Waliona kwamba kutibu moyo au kufanya upasuaji kuna heshima zaidi. Katika miaka ya 1950 hadi 1970 walipofika madaktari wengi kutoka India, Pakistan na Sri Lanka, nafasi za heshima zilikuwa ngumu kwao kuzipata. Wakaelekezwa kwenye wodi za wazee, nao wakaenda. Baada ya mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa Uganda, miongoni mwao walikuwemo pia madaktari waliojiunga na huduma hiyo ya afya.

Wengi wa madaktari hao hawakuichagua kazi hiyo kwa mapenzi. Walakini waliifanya kwa moyo, wakapanda hadi kuwa mabingwa, wakageuza wodi zilizosahauliwa kuwa mahali pa watu kupona. Wapo waliorudi nyumbani na elimu hiyo. Mjini Madras, mwishoni mwa miaka ya 1970, Dokta V. S. Natarajan, aliyekuwa amejifunza Uingereza, alianzisha kliniki ya wazee katika hospitali kuu ya serikali, akaja kuwa profesa wa kwanza wa tiba hiyo nchini India. Basi kazi iliyoanzia katika nyumba ya maskini ya Kiingereza ilibebwa mbele, kwa sehemu kubwa, na watoto wa Bara Hindi.

Yaliyotupata nyumbani

Sasa twafikia deni letu. Twaliandika kwa haya kidogo, lakini kitabu cha kumbukumbu kisichosema kweli hakina faida kwa wanaotufuata.

Miaka kadhaa iliyopita Ba, yaani mama yetu, aliteleza bafuni. Hakuvunjika mfupa. Tulimpeleka hospitali, tukaambiwa, "Ni utu uzima, mpumzisheni." Tukampumzisha. Tulinunua kitanda kizuri, tukaajiri wasichana wawili wa kumhudumia. Chakula aliletewa kitandani, akalishwa kwa kijiko. Akitaka kuinuka tulimwambia, "Ba, kaa, usijisumbue." Watu waliokuja kumjulia hali walitusifu kwa kumtumikia mama, nasi tukazipokea sifa. Baada ya miezi minane hakuweza tena kukaa bila kuegemezwa, na maneno yake yakaanza kupotea.

Wa kwanza kusema alikuwa jirani yetu, bibi wa Kidigo ambaye Ba alisuka naye ukili barazani kwa miaka mingi. Siku moja alitoka chumbani akasimama mbele yetu. "Wanangu," akasema, "mbona mwenzangu mmemzika angali hai?" Tulinyamaza. Tuliudhika pia, kusema kweli.

Mwezi ule ule alifika likizo mpwa wetu, daktari wa wazee huko Uingereza. Alimwamkia Ba kwa kumgusa miguu, kisha akamkagua kwa saa nzima. Alimpima shinikizo la damu akiwa amelala, na tena akiwa amesimamishwa, akakuta lashuka sana. Akauliza dawa zake, tukamletea mfuko. Humo mlikuwa na dawa za usingizi, ambazo mtu fulani aliziandika na hakuna aliyezisimamisha, nazo ndizo zilizokuwa zikimtia kizunguzungu na kumchanganya. Masikio yalikuwa yameziba kwa nta, na hilo lilieleza kwa nini hajibu. Kucha za miguu zilikuwa ndefu kiasi kwamba viatu vilimwumiza. Misuli ya mapaja ilikuwa imekwisha kwa kulala. "Mjomba," alituambia, "Ba haumwi uzee. Anaumwa kitanda." Jioni hiyo, tukinywa chai, ndipo tulipolisikia kwa mara ya kwanza jina la Marjory Warren.

Dawa zilipunguzwa kwa utaratibu, masikio yakasafishwa, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akawa anakuja mara tatu kwa wiki. Wiki ya sita Ba alisimama peke yake kwa kushika meza. Mwezi wa nne alitembea kwa fimbo hadi barazani, jirani yake akampokea kwa vigelegele. Hakurudi kuwa kijana. Alikuwa na miaka 84. Lakini alikula kwa mkono wake, na alituita kwa majina yetu.

Ngazi kumi na moja

Diwali ya mwaka ule Ba alitaka kuja hekaluni. Tulimleta kwa gari hadi langoni. Hekalu letu, kama mjuavyo, lina ngazi kumi na moja, pana na nzuri, za mawe, nazo hazina cha kushikia kokote. Ba alizitazama. Tulipotaka kumbeba kwa kiti alikataa mbele za watu. Alifumba mikono yake pale barabarani, akainamisha kichwa kuelekea mlangoni, akasema turudi nyumbani. Miaka miwili baadaye alifariki usingizini bila kuzipanda tena ngazi zile.

Sisi tumeuza mabomba, nondo na saruji katika mji huu kwa miaka arobaini. Tumezipanda ngazi zile mara zisizohesabika, tukachangia taa, marumaru na kengele. Bomba la kushikia halikutujia akilini hata siku moja.

Katika Ramayana sote twamkumba Shravan, kijana aliyewabeba wazazi wake vipofu katika makapu mawili begani. Twamtaja kila tunapowafundisha watoto heshima. Tumesahau kwamba Shravan hakuwalaza wazazi wake nyumbani na kuwaletea chakula. Aliwapeleka kuhiji, mahali walipotaka kwenda. Majirani zetu Waislamu na Wakristo nao wana mafundisho yao juu ya wazazi, na Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Nchi yetu nayo, tangu mwaka 2003, ina Sera ya Taifa ya Wazee, na katika hospitali nyingi twaliona dirisha la wazee, ambapo mwenye miaka 60 na kuendelea hatangoji foleni. Hilo ni jambo jema, nasi tulio na umri huo twalifaidi. Lakini mzee akishapita dirishani apimwe, asiambiwe kuwa ni uzee. Na akifika nyumbani asifungiwe kitandani kwa jina la mapenzi.

Kwa hiyo twaiomba halmashauri, katika mwaka huu wa maadhimisho, ikubali mambo matatu. Kwanza, mabomba ya kushikia yawekwe pande zote mbili za ngazi, na njia ya mteremko ijengwe ubavuni. Pili, viti vyenye mikono viwekwe ukumbini kwa wasioweza kuketi chini. Tatu, asubuhi moja kila wiki ukumbi ufunguliwe kwa mazoezi ya wazee wa mtaa mzima, wa dini zote, na mtaalamu wa viungo aalikwe kuwasimamia.

Gharama ya mabomba na kazi ya fundi tutaibeba sisi. Mabomba yapo dukani, yalikuwapo siku zote.